Mto wa Changarawe Unapokataa Kufuata Hesabu: Dalili, Vyanzo na Namna ya Kuvitofautisha

Mtu anapima mto, anaingiza namba kwenye kanuni, kisha mto unafanya kinyume. Maji yanajaa lakini mawe hayasogei. Furiko dogo linabeba mashapo (yaani mchanga, changarawe na mawe yanayosafirishwa na maji) mengi kuliko furiko kubwa lililotangulia. Ubao wa kupimia kina unasoma juu zaidi ya mwaka jana ingawa maji yanayopita ni yaleyale. Kinachofuata mara nyingi ni kuhangaika na kanuni, kubadilisha namba moja hadi jibu lilingane na kipimo, na kazi kuhesabiwa imekwisha. Njia hiyo naipinga kabisa, kwa sababu inaficha chanzo na mwaka unaofuata jibu linakosea tena. Kwenye mito ya changarawe, jambo la kwanza kuangalia ni namna mawe yalivyopangwa sakafuni. Jiwe la milimita 60 lililokaa peke yake juu ya mchanga, na jiwe la ukubwa huohuo lililobanwa na wenzake pande zote, hayapambani na maji kwa namna moja, hata kama chekeche haioni tofauti yoyote kati yake.

Mwongozo huu unapita dalili moja baada ya nyingine. Lakini hakuna dalili inayoweza kusomwa bila vipimo vichache vya mwanzo, na hivyo ndivyo watu wengi huviruka.

Unachotakiwa kuwa nacho kabla ya kuanza

Pima mawe ya juu. Njia aliyoieleza Wolman mwaka 1954 bado inatosha: tembea kukatiza sakafu ya mto, kila baada ya hatua inama bila kuchagua, okota jiwe la kwanza linaloguswa na kidole, pima upana wake wa kati (yaani si urefu wake wala unene wake), andika. Ukifikisha mawe 100 unaweza kupata D50, ukubwa ambao nusu ya mawe yako chini yake, na D84, ukubwa ambao mawe 84 kati ya 100 yako chini yake. Changarawe ni kati ya milimita 2 na 64. Chini ya hapo ni mchanga, juu yake hadi milimita 256 ni mawe makubwa, kisha majabali.

Pima mawe ya chini. Ondoa tabaka la juu lote, unene wa jiwe kubwa mojawapo la hapo, ndipo uchimbe sampuli na kuichekecha. Gawanya D50 ya juu kwa D50 ya chini. Ukipata karibu na 1, mto hauna deraya, yaani lile tabaka la mawe makubwa linalofunika madogo. Kati ya 2 na 3 ni hali ya kawaida ya mito mingi ya changarawe inayotiririka mwaka mzima. Ukikaribia 4 au kupita, anza kushuku kwamba mashapo ya kutoka juu yamekatika.

Kisha tazama tu, bila kifaa. Mawe bapa yameinamia upande gani? Je, yapo vishada, jiwe kubwa moja limetangulia na madogo yamejikusanya mbele na nyuma yake? Na nafasi kati ya mawe: ziko wazi, zina mchanga, au zina tope? Piga picha kutoka juu, weka rula ndani ya picha. Picha hiyo utaihitaji utakapolinganisha na hali baada ya furiko.

Dalili: hesabu inasema mawe yatembee, nayo hayatembei

Hii ndiyo dalili inayowasumbua wengi, na ina vyanzo vinne vinavyoweza kuwapo kwa pamoja.

Anza na hesabu yenyewe. Mkazo wa maji wa kuburuta sakafu hupatikana kwa kuzidisha uzito wa maji, kina na mteremko. Mwaka 1936, huko Berlin, Shields alilinganisha mkazo huo na uzito wa chembe ikiwa ndani ya maji, akapata uwiano ambao ukifikiwa chembe huanza kusogea. Kwa changarawe watu wengi hutumia 0.045. Chukua jiwe la milimita 64: mkazo unaohitajika ni takriban paskali 47. Kwenye mto wenye mteremko wa 0.005, yaani mita tano kwa kila kilomita, hicho ni kina cha sentimita 95. Sasa badilisha uwiano huo wa 0.045 peke yake. Ukiweka 0.03, kina kinashuka hadi sentimita 63. Ukiweka 0.06, kinapanda hadi mita 1.27. Namba zote tatu zimo ndani ya yale yaliyopimwa kwenye mito halisi. Jiwe ni lilelile na mteremko ni uleule, lakini jibu linakaribia kutofautiana mara mbili. Kinachoamua uko upande gani ni mpangilio wa mawe zaidi ya kitu kingine chochote, pamoja na ukali wa mteremko: kwenye mito ya milimani namba hii hupanda.

Chanzo cha kwanza, basi, ni mawe kubanana. Maji yanayopita juu ya mawe bapa kwa muda mrefu huyalaza yakalaliana kama vigae vya paa, kila moja likiinamia upande maji yanakotoka na kuegemea lililo mbele yake. Ili kuling'oa moja, maji yanapaswa kulinyanyua pamoja na sehemu ya jirani yake. Vishada hufanya kazi kwa namna nyingine: jiwe kubwa huzuia, madogo hujibana mbele yake na mengine hukaa nyuma kwenye kivuli cha maji. Kwenye mito ya mawe makubwa yenye mashapo machache, vishada huungana hadi kutengeneza pete za mawe zinazoshika sakafu nzima. Church, Hassan na Wolcott walizieleza pete hizo mwaka 1998 na kuonyesha kwamba mto wa namna hiyo hupitisha mashapo machache mno kuliko sakafu ya mawe yaleyale yaliyomwagwa bila mpangilio.

Namna ya kuhakikisha: vuta mawe kwa mizani ya kuning'iniza yenye ndoano, moja moja, ukivuta kuelekea maji yanakokwenda, na uandike nguvu iliyohitajika pamoja na ukubwa wa jiwe. Nguvu ikipita mno uzito wa jiwe lenyewe, umepata jibu. Zoezi hili ni la bei ndogo na linafundisha mambo ambayo hakuna jedwali linaloweza kuyaonyesha.

Chanzo cha pili ni sampuli mbaya. Mtu akichota changarawe kwa sepetu, akachanganya tabaka la juu na la chini, D50 yake inakuwa ndogo kuliko ile inayokutana na maji. Hesabu itasema mawe yatembee mapema, na itakuwa imesema kweli kuhusu mawe ambayo maji hayajayafikia.

Chanzo cha tatu: umetumia mkazo wote. Maji ya mto hayatumii nguvu zake zote kuburuta chembe. Sehemu yake huishia kwenye kona, mafungu ya changarawe katikati ya mkondo, vishada, majabali, magogo na kingo. Kinachobaki kwa ajili ya mawe kinaweza kuwa pungufu sana ya zao la kina na mteremko. Mto ukiwa mnyoofu na sakafu yake ni sawa, upungufu huo ni mdogo. Ukiwa na majabali yanayochomoza juu ya maji, upungufu ni mkubwa. Ukiona majabali na hesabu yako haikutenga chochote kwa ajili yake, umepata mshukiwa.

Cha nne kinahusu kukokotoa kila ukubwa wa jiwe peke yake. Ukifanya hivyo, utapata kwamba changarawe ndogo hutembea karibu kila siku na mawe makubwa hayatembei kamwe. Mto haufanyi hivyo. Chembe ndogo hujificha kati ya kubwa, na kubwa huchomoza zikapokea maji mengi zaidi; kujificha na kuchomoza hukaribia kufuta tofauti ya uzito. Vipimo vya Oak Creek, jimbo la Oregon, ndivyo vilivyowawezesha Parker na Klingeman mwaka 1982 kueleza kwamba ukubwa mbalimbali huanza kutembea kwenye mtiririko unaokaribiana, na kwamba deraya ya juu ndiyo inayosawazisha mambo: mawe makubwa ni magumu kusogeza, hivyo mto huyaweka juu yawe mengi hadi yasafiri kwa kiwango kinacholingana na yanavyoletwa.

Onyo kuhusu mawe yenye rangi. Watu huokota mawe, huyapaka rangi, huyarudisha juu ya sakafu, halafu baada ya furiko hufurahi kuona yamesafiri mbali. Mawe hayo yalikuwa yamekaa juu bila kubanwa na kitu. Yanachopima ni mwendo wa mawe yaliyo huru. Ukitaka kujua sakafu inaanza kusogea lini, paka rangi mawe yakiwa mahali pake wakati maji yamekauka au yamepungua, bila kuyang'oa. Ukitumia mawe yenye vitambulisho vya redio ndani, ambayo lazima yatolewe na kutobolewa, usihesabu safari yao ya kwanza. Yakishapitiwa na furiko moja na kujipanga na wenzake, ndipo data yake inafaa.

Dalili: mafuriko mawili yanayolingana, mashapo yasiyolingana

Mtiririko wa juu kabisa ni uleule, wiki kadhaa zimetenganisha mafuriko hayo, na shehena ya sakafuni, yaani mashapo yanayosafiri yakigusa sakafu, imetofautiana mara kumi. Kabla ya kushuku kifaa, uliza mto ulikaa kimya muda gani kabla ya kila furiko.

Kwenye kijito cha Turkey Brook, kaskazini mwa London, Reid, Frostick na Layman walitega mashimo sakafuni yaliyopima mashapo mfululizo, na mwaka 1985 wakachapisha walichokiona. Baada ya kipindi kirefu cha utulivu, furiko la kwanza lilipanda karibu lote bila kubeba mawe ya kutosha. Mashapo yalianza kutoka maji yakiwa tayari yanashuka. Mafuriko yaliyofuatana kwa karibu yalibeba mawe tangu maji yanapopanda, kwa kuwa sakafu ilikuwa bado imelegea. Sababu yake inaeleweka: maji ya kawaida, yasiyo na nguvu ya kung'oa kitu, huendelea kutikisa mawe kidogo kidogo, yakazama kwenye vitundu, yakageuka na kukaa vizuri zaidi, huku chembe nyembamba zikijaza nafasi. Majaribio ya maabara yameonyesha jambo lilelile: maji dhaifu yakipita kwa muda mrefu zaidi, sakafu huhitaji maji yenye nguvu zaidi ili ianze kusogea.

Kwa hiyo katika daftari lako ongeza safu moja: muda tangu sakafu iliposogea mara ya mwisho. Pia tenganisha maji yanayopanda na yanayoshuka unapochora mashapo dhidi ya mtiririko. Mashapo yakiwa mengi maji yanaposhuka, sakafu ilikuwa imefungwa na imevunjika katikati ya furiko. Yakiwa mengi yanapopanda, kulikuwa na changarawe huru iliyokuwa tayari, labda kutoka kwenye ukingo ulioanguka au kijito cha pembeni, au furiko la awali liliacha sakafu wazi. Ukiweka wastani wa hizo mbili kwenye mstari mmoja utapata mstari usioeleza furiko lolote.

Mfano wa upande mwingine kabisa unatoka jangwa la Negev. Kwenye korongo la Nahal Yatir, linalopitisha maji mara chache kwa mwaka, Laronne na Reid waliripoti mwaka 1993 kwamba maji husafirisha mashapo ya sakafuni kwa ufanisi unaofika mara 400 ya ule wa mito inayotiririka mwaka mzima kwenye maeneo yenye unyevunyevu. Hapo hakuna maji ya kawaida ya kupanga mawe baada ya furiko, na milima isiyo na mimea huleta mashapo tele. Deraya haipati nafasi ya kujengeka. Mtu akichukua kanuni iliyorekebishwa kwenye mto wa kudumu akaipeleka kwenye korongo la namna hii ili kusanifu kalvati, kalvati hiyo itafukiwa.

Dalili: kina kimebadilika ingawa maji ni yaleyale

Linganisha vipimo vya maji machache na vya maji mengi kwa kutengana. Kama tofauti iko kwenye maji machache tu, tazama upande wa chini wa kituo cha kupimia: karibu kila mara kuna fungu la changarawe au sehemu ya maji mafupi inayoshika kina cha kituo, nayo imehama, imekatwa au imeongezeka. Tofauti ikiwa kwenye viwango vyote, sakafu yenyewe imepanda au imeshuka. Pima mkato wa mto, yaani umbo la sakafu kutoka ukingo hadi ukingo, na ulinganishe na wa zamani.

Ikiwa mkato haujabadilika, mkwaruzo, yaani namna sakafu inavyoyazuia maji, ndio umebadilika. Hapa kuna kosa moja la kudumu: kutumia namba ya Manning (namba inayoeleza ukubwa wa mkwaruzo) moja kwa kina chochote. Kanuni ya Strickler ya mwaka 1923 inatoa takriban 0.030 kwa mawe ya milimita 64, na hiyo inafaa maji yakiwa na kina kirefu juu ya mawe. Maji yakiwa mafupi kiasi kwamba mawe makubwa yanakaribia uso, kila jiwe linachimba wimbi nyuma yake, na mkwaruzo halisi huwa juu zaidi sana. Vivyo hivyo, D50 haitoshi kueleza mkwaruzo. Mawe machache makubwa yanayochomoza ndiyo yenye sauti. Wahandisi wengi hufuata pendekezo la Hey la mwaka 1979 la kuchukua mara 3.5 ya D84 kama urefu wa mkwaruzo. Namba hiyo kubwa ni namna ya kukubali kwamba vishada na mpangilio hushika maji kuliko ukubwa wa jiwe moja. Furiko likivunja vishada na kusawazisha sakafu, mkwaruzo unashuka bila D84 kubadilika hata kidogo. Ndipo ile picha ya kabla na ya baada inapolipa.

Dalili: sakafu inashuka na mawe makubwa tu ndiyo yamebaki

Kuna watuhumiwa wawili, bwawa au uchimbaji wa changarawe, na mahali uharibifu unapoelekea ndipo panapowatofautisha. Bwawa hushika mashapo na kuachia maji yenye nguvu yasiyo na mzigo. Sakafu huanza kuliwa karibu na ukuta na kuendelea kuelekea chini ya mkondo. Shimo la uchimbaji hula pande zote mbili: upande wa chini kwa kuwa changarawe imenaswa shimoni, na upande wa juu kwa kuwa mteremko mkali wa ukingo wa shimo hurudi nyuma, furiko kwa furiko, hadi kufikia misingi ya madaraja yaliyo mbali na shimo lenyewe. Ukikuta nguzo za daraja zimefunuka na hakuna bwawa upande wa juu, tafuta shimo upande wa chini.

Uwiano wa juu na chini nao husema. Dietrich na wenzake walionyesha kwenye mfereji wa maabara mwaka 1989 kwamba ukipunguza mashapo yanayoingia, tabaka la juu huwa la mawe makubwa zaidi na eneo linalosafirisha mashapo hujifinya kuwa ukanda mwembamba. Kwa hiyo deraya nzito isiyosogea ni ishara ya njaa ya mashapo. Inalinda sakafu, na hapo ndipo hatari ilipo: mashine ikiingia kuokota mawe makubwa kwa ajili ya ujenzi, au kulainisha mto baada ya mafuriko, inafunua changarawe ndogo ambayo maji ya kawaida kabisa yanaweza kuibeba. Naliomba jambo hili kwa dhati kwa yeyote mwenye mamlaka juu ya mashine hizo: liacheni tabaka la juu. Tiba ya kweli ya njaa ni kurudisha mashapo. Kwenye mto Rhine, chini ya kizuizi cha Iffezheim, changarawe na mchanga vimekuwa vikimwagwa mtoni tangu mwaka 1978 ili sakafu isishuke.

Dalili: chembe nyembamba zimejaa, na athari zake zinagongana

Hapa watu wawili wanaweza kubishana na wote wakawa wamesema kweli. Mmoja anasema mchanga umefanya changarawe itembee zaidi. Mwingine anasema umefunga sakafu. Tofauti iko kwenye aina ya chembe. Mchanga ukiongezeka hadi kati ya asilimia 20 na 30, mawe huacha kushikana yenyewe kwa yenyewe na kuanza kuelea ndani ya mchanga. Hayana tena pa kuegemea. Wilcock na Crowe, mwaka 2003, waliingiza athari hiyo kwenye kanuni yao: mchanga mwingi zaidi juu ya sakafu hushusha mkazo unaohitajika kusogeza changarawe. Tope na udongo wa mfinyanzi hufanya kinyume. Huingia kwenye nafasi, hushikamana, na sakafu huwa ngumu kuivunja. Maji hayapiti tena kati ya mawe, na mayai ya samaki yaliyotagwa ndani ya changarawe hukosa oksijeni.

Piga sakafu teke. Wingu la mchanga likitua karibu na mguu wako, una tatizo la kwanza. Wingu la kahawia likisafiri mbali na mguu kuuma, una la pili. Kwa tope, kuongeza maji kidogo kila siku hakusaidii, maana maji yasiyosogeza mawe husafisha uso tu. Linahitajika furiko linalovunja deraya yenyewe, na chanzo cha tope upande wa juu kiwe kimezibwa kwanza.

Dalili: mtego wa mashapo unaleta sifuri, kisha unajaa ghafla

Mara nyingi mtego hauna kosa. Changarawe husafiri kwa mikupuo, na kwenye upana wa mto hupita kwenye ukanda mwembamba unaohama. Sampuli ya nusu dakika mahali pamoja ni bahati nasibu. Ongeza pointi kukatiza mto na rudia kila pointi mara nyingi. Lakini angalia pia mdomo wa mtego. Ule wa Helley na Smith wa mwaka 1971 una mdomo wa milimita 76 kwa 76. Kama D84 ya sakafu yako ni milimita 90, mawe yanayoshika mpangilio wote hayawezi kuingia, na utakachopima ni changarawe ndogo inayoteleza juu ya deraya ambayo haijasogea. Hapo tumia shimo la kudumu sakafuni au mawe yenye vitambulisho.